Aliyevunjika mbavu msimfunge kifua



Mwaka 2001 nilikuwa mwanafunzi wa madrasa hapa Turiani, umri wangu miaka 13. Asubuhi ya Ijumaa moja mwadhini wetu, mzee wa miaka 70 hivi, alipanda ngazi ili aufunge waya wa kipaza sauti uliokatwa na upepo. Ngazi iliteleza, naye akaangukia ukingo wa birika la kutawadhia, upande wa kulia. Tulimkimbilia. Hakutoka damu wala hakupoteza fahamu. Alisema tu, "Mbavu wanangu, mbavu."

Aliitwa fundi wa kuunga mifupa, mtu mwema aliyeheshimika mpaka vijiji vya mlimani. Akampapasa mzee, akasema mbavu mbili zimekwenda, akaagiza kanga. Mimi nilikuwa mmoja wa walioshika ncha za kanga ile. Tulivuta kila mtu upande wake kama wafungao mzigo wa baiskeli, mpaka mzee akasema, "Alhamdulillah, sasa nimepata nafuu."

Siku ya tatu alianza kuwa na makohozi yaliyomkwama kifuani, maana hakuweza kukohoa. Siku ya tano ikaja homa. Siku ya saba alifikishwa hospitali midomo imebadilika rangi, na usiku ule akarejea kwa Mola wake. Tulisema siku yake imefika, na bila shaka ilikuwa imefika. Lakini miaka kadhaa baadaye, nikiwa chuo cha matabibu, mwalimu alitamka sentensi moja kama mtu anayepita njia: kifua cha aliyevunjika mbavu hakifungwi. Niliweka kalamu chini. Sikuandika kitu kingine kipindi kile.

Naandika leo kwa sababu bado tunafunga. Vijana wa bodaboda wanaletwa wamezungushiwa bandeji zilizonunuliwa duka la dawa. Akina mama wanaletwa wamekazwa kanga kama mkaja wa mzazi. Wazee ndio kabisa, wao hawaletwi mpaka homa iwe juu.

Tuelewane kwanza jinsi kifua kilivyo. Mwanadamu ana jozi 12 za mbavu, yaani mbavu 24, mwanamume na mwanamke sawasawa. Jozi 7 za juu zimeshikana na mfupa wa kidari moja kwa moja, 3 zinazofuata zimeegemea kwenye gegedu la zile za juu yake, na 2 za mwisho hazikushikana na kitu mbele. Mbavu hizi si ukuta uliosimama tu. Kila ukivuta pumzi zinanyanyuka na kutanuka, pafu linajaa hewa mpaka pembeni. Ukikohoa zinabana kwa nguvu ili makohozi yatoke. Kazi hiyo haina likizo, mtu awe amelala au ameamka.

Ubavu ukivunjika, kila pumzi inauma. Mgonjwa mwenyewe anaanza kupumua kwa juu juu na kuogopa kukohoa. Sasa wewe ukimkaza kanga, unamzuia hata ile pumzi kidogo aliyokuwa ameibakisha. Anasikia nafuu kwa sababu mbavu hazitikisiki tena, na nafuu hiyo ni ya kweli, mzee wetu hakutudanganya. Ila chini ya kanga sehemu ya pafu inasinyaa kwa kukosa hewa, makohozi yanatuama, vijidudu vinapata makazi. Hicho ndicho kichomi, au homa ya mapafu. Mfupa wenyewe ungeunga bila msaada wa mtu kwa muda wa wiki 6 hivi.

Sisemi haya kwa kuwadharau mafundi wetu. Madaktari wa hospitali nao katika karne iliyopita walikuwa wakifunga vifua kwa plasta pana, na vitabu vyao vilifundisha hivyo, kabla hawajaona madhara yake wakaacha. Na kuunga mifupa ni elimu yenye heshima kwetu. Abul-Qasim Az-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, aliiwekea nafasi yake katika kitabu chake At-Tasrif. Mkono na mguu vinahitaji kutulizwa kwa banzi ili vipone. Kosa ni kuuchukua mkono tukaufanya kipimo cha kifua, ilhali mkono unaweza kupumzika wiki 6 na kifua hakiwezi kupumzika dakika 6.

Hapa kwetu mbavu zinavunjika kwa njia nyingi. Pikipiki ndiyo inayoongoza kwa ninavyoona mimi. Kuna wanaodandia matrela ya miwa ya Mtibwa, kuna wanaoteleza na mikungu ya ndizi wakishuka kutoka milima ya Nguru, kuna wanaoanguka kutoka kwenye mfenesi na mwembe. Utafiti wa hospitali ya Bugando kule Mwanza, uliochapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia wagonjwa 150 walioumia kifua. Zaidi ya nusu yao waliumia katika ajali za barabarani, na wengi wa wagonjwa wote walitibiwa bila kupasuliwa. Lifikirie jambo hilo la mwisho, ndugu msomaji. Kifua kilichoumia mara nyingi hakihitaji kisu. Kinahitaji mtu aliyefika mapema, anayepata dawa ya maumivu na anayepumua.

Utamjuaje aliyevunjika ubavu? Kwanza maumivu yake yako mahali pamoja, anaweza kukuonyesha kwa kidole kimoja. Yanazidi akivuta pumzi ndefu, akikohoa, akipiga chafya, akicheka au akijigeuza kitandani. Aghlabu utamkuta ameinamia upande ulioumia na ameushika kwa kiganja. Pengine pana uvimbe au wekundu. Yeye mwenyewe anaweza kukuambia alisikia kitu kikilia "ko!" au kwamba anasikia mifupa ikisagana. Usimbonyeze bonyeze ili uthibitishe. Mguso mmoja wa pole unatosha, na kama anaruka ukigusa, mchukulie kuwa amevunjika. Hasara ya kumdhania mvunjiko mtu aliyechubuka ni ndogo.

Na usitegemee picha ya eksirei ikupe ruhusa ya kulipuuza jambo. Mivunjiko mingi ya mbavu haionekani kwenye picha ya kawaida. Picha inapigwa zaidi kuangalia kama hewa au damu imeingia kati ya pafu na ukuta wa kifua. Nimesikia mara nyingi mtu akitoka na furaha, "Wamesema hakuna mfupa," kisha anapanda pikipiki kurudi shambani. Mwili haujui kilichoandikwa kwenye picha, unajua unapoumia.

Sasa huduma ya kwanza. Mkalishe, usimlaze chali bapa, ila kama unahofia shingo au uti wa mgongo umeumia, hapo usimsogeze isipokuwa kwa lazima. Aegemee nyuma nusu kukaa, akiinamia kidogo upande ulioumia, kwa sababu pafu la upande mzima ndilo linalombeba na halitakiwi kuelemewa. Mpe mto, au shuka au kanzu iliyokunjwa, aukumbatie mwenyewe juu ya mahali panapouma. Hapa ndipo kanga inapofaa: ikunjwe, ishikwe kwa mkono wake, aibane anapokohoa na aiachie akimaliza. Kama mkono wa upande ule unamvuta, unaweza kuutundika shingoni kwa kitambaa. Kuzungusha kitambaa kifua kizima, hapana. Bandeji ya mpira, hapana. Mkanda wa suruali nao nimeshauona, hapana.

Kisha muangalie anavyopumua. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Akipita 30, au hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au midomo na kucha zinageuka rangi, au anatema damu, au anatoka jasho la baridi na kulegea, hapo hakuna kusubiri kuche. Vivyo hivyo ngozi ya kifua au shingo ikivimba na ukiigusa inalia chini ya vidole kama unakanyaga majani makavu, jua hewa imetoka mahali pake. Hatari kubwa kuliko zote kwa macho ni pale kipande cha kifua kinapokwenda kinyume: mgonjwa anavuta pumzi, kifua kizima kinatanuka, kile kipande kinazama ndani, akitoa pumzi, kinatokeza nje. Maana yake mbavu kadhaa zinazofuatana zimevunjika kila moja zaidi ya mahali pamoja. Huyo akimbizwe, akiwa amekaa, na asipewe chakula wala kinywaji njiani, huenda akahitaji kufanyiwa upasuaji.

Kama pana kidonda kinachovuta hewa, kiwekee kitambaa safi chepesi bila kukiziba kabisa kwa plastiki wala plasta pande zote. Ukiziba kabisa, hewa inaweza kunaswa ndani na kulibana pafu na moyo. Kama kuna kitu kimechoma kimebaki ndani, kijiti au chuma, usikichomoe.

Mbavu za chini zina maneno yake. Upande wa kulia zinalifunika ini, upande wa kushoto zinalifunika wengu. Hapa kwetu malaria imetuzoea, na malaria ya mara kwa mara hulikuza wengu, na wengu lililokua hupasuka kwa pigo dogo. Aliyeumia mbavu za chini kushoto akianza kuumwa tumbo, au bega la kushoto linauma na hakuangukia bega, au anasikia kizunguzungu akisimama, anaweza kuwa anavuja damu ndani. Linaweza kutokea saa ile ile au siku kadhaa baadaye. Mpelekeni hospitali, na mwambieni daktari alipoumia kabla ya kueleza mengine.

Usafiri ni mtihani wetu. Kumweka majeruhi katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, mshikaki, ni kumfunga kifua kwa miili badala ya kanga. Bajaji ni afadhali, gari ni bora zaidi. Mwenye hali mbaya asizungushwe mtaani kutafuta fundi kwanza. Apelekwe Bwagala, na madaktari wakiona haja ya kumpeleka Morogoro mjini watasema wao. Ikiwa ni ajali au ugomvi na inatakiwa PF3, mtu mmoja aende polisi wakati wengine wanampeleka mgonjwa. Nimeona majeruhi amekaa nje ya kituo akingoja karatasi huku anahema kama aliyepandisha kilima cha Mhonda.

Kwa yule ambaye hana dalili hizo za hatari, na ameshaonwa na tabibu, tiba kubwa ni dawa ya maumivu. Wengi wetu, hasa wazee, tunahesabu kuvumilia maumivu kuwa ndiyo subira. Ndugu yangu, mwenye ubavu uliovunjika anayekataa dawa anakataa kupumua. Mtu mzima anaweza kumeza parasetamo vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku moja, na mwenye maradhi ya ini aulize kwanza. Ibuprofeni na diklofenaki zinasaidia, lakini mwenye vidonda vya tumbo, mwenye matatizo ya figo au moyo, na mjamzito, asizinunue dukani kwa uamuzi wake. Dawa ikishaanza kufanya kazi, avute pumzi ndefu za taratibu mara 10 kila saa anapokuwa macho, kisha akohoe huku ameukumbatia mto. Asilale mchana kutwa. Akae, atembee uani. Sigara aache, angalau kwa wiki hizo 6.

Kuchua kwa mafuta na kukanda kwa nguvu kusifanyike mahali palipovunjika. Na wale wa hijama, nawaomba wasiweke vikombe juu ya ubavu uliovunjika karibuni. Hijama ina mahali pake, pale si mahali pake.

Liko jambo la swala. Rukuu na sijida zinamkunja mgonjwa pale pale panapomuuma, na nimewakuta watu wanaojilazimisha mpaka wanalia. Imran bin Huswayn (R.A.) aliyekuwa na maradhi ya bawasiri alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya swala, naye akamwelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa aswali kwa ubavu. Mgonjwa wetu aswali kwenye kiti, ainamishe kichwa kwa rukuu na azidishe kidogo kwa sijida. Na akiwa ni Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qur'an ya kula na kulipa siku nyingine, hivyo asiziache dawa za mchana kwa kuona haya mbele ya majirani.

Jambo jingine linanikera, na nitalisema. Kifua hakipimwi juu ya baibui. Ili kuona kama kipande kinakwenda kinyume, au upande mmoja hautanuki, lazima kifua kionekane. Wapo waume wanaokataa, na mke anarudi nyumbani na vidonge bila kupimwa. Mafaqihi wameruhusu kufunua kwa kiasi cha haja wakati wa matibabu. Ombeni mhudumu wa kike, na akikosekana mume au maharimu asimame pale pale ndani ya chumba. Hiyo ni haki yenu na hakuna tabibu mstaarabu atakayeikataa. Kumzuia asipimwe si sitara. Tena sisi tunaopima tunajua kwamba mwanamke "aliyeteleza bafuni" hawezi kuwa na mbavu zilizovunjika kulia na kushoto, mpya na za zamani. Na mtoto mdogo, ambaye mbavu zake ni laini kama fimbo mbichi, havunjiki kwa kuanguka kitandani. Zikivunjika, nguvu iliyompiga ilikuwa kubwa, na pafu linaweza kuumia vibaya hata mbavu zenyewe zikiwa nzima.

Nirudi kwa wazee, kwa sababu ndio tunaowapoteza. Mwaka 2000 madaktari wa Seattle, Marekani, walichapisha hesabu zao wakilinganisha wagonjwa wa mbavu wenye miaka 65 na zaidi na wale wa chini ya hapo. Katika wazee, kila ubavu mmoja uliozidi kuvunjika uliongeza uwezekano wa kufa kwa asilimia 19 na wa kupata homa ya mapafu kwa asilimia 27. Homa ya mapafu iliwapata wazee 31 katika kila 100, na vijana 17. Hao walikuwa na vitanda, oksijeni na mashine zote. Kwa hiyo mzee wa hapa Turiani aliyevunjika mbavu 2 si wa kuambiwa apumzike tu. Mpelekeni siku ile ile, hata kama anasema hajambo. Mwenye mbavu 3 au zaidi anastahili kulazwa.

Na mkimrudisha nyumbani, angalieni siku ya tatu mpaka ya saba. Homa ikija siku hizo, kila mtu hapa kwetu atasema ni malaria, na duka la dawa litauza dawa ya malaria bila kuuliza. Pimeni malaria, ndiyo, lakini mrudisheni hospitali, na neno la kwanza mtakalomwambia mhudumu mapokezi liwe kwamba mtu huyu alianguka, ni siku ya ngapi leo, na ubavu upi.